Mfereji wa Baba Usiofika Mtoni

Kijiji cha Kulesa,
Garsen.
Jumatatu, 4 Mei

Mpendwa binti yangu Valary,

Pokea salamu zangu. Hujambo huko Dublin? Kile kikohozi cha Pasaka kimekuacha? Unakula vizuri ukitoka zamu ya hospitali? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii.

Mwanangu, ninaogopa. Ni baba yako.

Unajua aliondoka kwao Ayalandi akiwa na miaka kumi na saba, akaingia jeshi la Waingereza kwa kukosa kazi. Alipigana vita vitatu: kwenye visiwa vya baridi vya kusini, jangwa la Iraki, halafu Siera Leoni. Alipokuja Garsen kuchimba visima tukaoana, alinikataza kumuuliza habari hizo. Sikuuliza, na leo najuta.

Mwezi uliopita mpunga ulianza kuiva, watu wakawa wanafukuza ndege kwa kupiga madebe. Siku ya kwanza tu baba yako alijitupa kwenye matope. Kesho yake akaanza kuchimba shambani. Sisi tukafurahi, Mzungu wetu anachimba mfereji wa kuleta maji! Mjomba wako Jasper akaenda na jembe, akamsaidia siku tatu nzima. Tuliona mfereji unakata kona na haufiki mtoni, tukasema labda ndivyo wanavyochimba kwao.

Lilikuwa handaki la vita, Valary, na sisi ndio tuliolizidisha kina.

Sasa amehamia humo. Jasper alipomshika mkono amtoe, alimwinulia panga wala hakumtambua.

Na maji yanakuja. Redio imetangaza mabwawa ya juu yamejaa, tuhame kabla ya Alhamisi. Majirani wameshaanza kubeba vitu. Nimemsihi baba yako nikilia. Ananijibu, "Florence, askari haachi handaki bila amri ya Kapteni Doyle." Huyo kapteni alikufa zamani, kule jangwani.

Basi nakuomba uongo, Mungu atanisamehe. Iandike hiyo amri kwa Kiingereza cha jeshi, umwambie arudi nyuma, utie jina la Kapteni Doyle. Valentine, binti wa mjomba wako, anaipeleka barua hii Garsen aipige picha, akutumie kwa simu. Mjibu papo hapo, naye ataichapisha dukani aniletee. Usipige simu, haamini tena sauti. Anaamini karatasi.

Mjomba Jasper anakusalimu sana, na mkewe Gona pia. Bwana akufunike kwa mkono wake, akulinde uendako na utokako.

Nisamehe kwa tope lililo kwenye karatasi. Ninaandikia humu handakini, nimekaa ubavuni mwake. Nilimwambia nimetumwa kuongeza ulinzi, akasogea akanipa nafasi. Siwezi kumwacha peke yake. Amri ikifika tutatoka wote wawili.

Fanya haraka, mwanangu. Hapa miguuni kumeanza kulowa.

Mimi mama yako nikupendaye,
Florence