Gari Limeshuka, Wacheke

Ijumaa, Bagamoyo. Mvua imekatika asubuhi, joto limerudi na jasho lake, nami sina nia ya kumwomba mtu radhi.

Leo nimelishusha gari.

Huku kwetu magari hunyanyuliwa. Mtu akinunua tu, mbio kwa fundi aongezewe urefu, kisha anapita juu ya makorongo kama hayapo. Barabara imetushinda, tukauita ushinde huo ujanja. Langu nililinunua limeshanyanyuliwa, na mimi mwenye mdomo nikanyamaza.

Mpaka Idi. Shangazi aliyenilea, ambaye goti lake moja halikunjiki vizuri, alishindwa kupanda. Wapwa zangu wakambeba mzobemzobe mpaka kitini, buibui likapanda magotini, majirani barazani wanatazama. Tangu siku hiyo nikimwambia twende mahali, anajibu kwamba yuko salama hapo alipo.

Sasa mdogo wake anaumwa, yuko Mlingotini, anamuulizia.

Fundi wa Mapinga alidhani nimechanganyikiwa. "Mama, wenzako wanapandisha. Kushusha ni mambo ya vijana wa Dar."

"Basi leo umepata kijana."

Akataka kuzikata springi zilezile. Nikakataa. Springi iliyokatwa inarusha gari kama punda aliyekasirika. Nilitaka zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani, ngumu kidogo, na nikasimama pale mpaka zikafungwa. Gereji nzima ilinicheka, hata muuza kahawa.

Wacheke.

Baada ya Alasiri nikalisogeza gari mlangoni kwa Shangazi, nikafungua mlango, nikarudi nyuma. Akakigusa kiti kwa kiganja. Akageuka, akaketi, akauvuta mguu wake mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe.

"Unasubiri nini?"

Tulipoacha lami kuingia njia ya Mlingotini, chini kukakwaruza vibaya. Nikasaga meno. Nikamwambia gari linaumia.

"Liumie," akasema, anajitengenezea ushungi. "Mimi nimepanda mwenyewe."

Nimemwacha yeye na mdogo wake wanasutana kuhusu nani kazeeka zaidi.

Njiani kurudi nimelisikia kila shimo, na sikumbuki mara ya mwisho kuyasikia. Kesho asubuhi naanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, kudai barabara itengenezwe. Akiniambia ninyanyue gari kama wenzangu, nitamwomba apande langu, twende naye polepole, akayasikie mashimo mwenyewe.