Kiti cha Karibu na Mlango

Jumatano, Ibra, Omani. Vumbi limetanda tangu alasiri, na milima haionekani. Nimerudi kutoka kwenye matanga ya Nassor kabla ya wakati, na sina hamu ya chai wala ya mtu.

Nassor alikuwa beki wangu. Tulitoka Unguja tukiwa vijana, tukakutana hapa Ibra, tukacheza mpira wa ukumbini katika timu moja mpaka mvi zikatutoka. Yeye alisimama mbele, mimi langoni. Wanaoujua mpira wa uwanjani tu hudhani kipa huruka. Kipa wa ukumbini hana nafasi ya kuruka: mpira hupigwa kutoka karibu mno, naye hupiga goti ili auzibie njia. Sakafu yetu ilikuwa saruji iliyopakwa rangi. Nilipiga goti Sur, nilipiga goti Nizwa, nilipiga goti hapa kila jioni, na watu wakishangilia.

Magoti hayo sasa yamekwisha. Daktari wa Maskat amesema yangefaa kubadilishwa, lakini moyo wangu hautahimili kupasuliwa. Basi hakuna dawa. Msikitini ninasali juu ya kiti, na sijapata kuona haya kwa hilo. Mungu anajua nilivyo.

Watu ndio wanaokumbuka nilivyokuwa.

Leo ilikuwa siku ya pili ya matanga. Katika sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa wetu, tunakaa chini juu ya zulia, migongo ukutani. Kila anapoingia mtu, wote husimama, naye hupita akitoa mkono kwa mmoja mmoja. Wazee wasioweza kuinuka huwekewa viti karibu na mlango. Hawasimami, wala hakuna anayewatazamia wasimame. Suleiman, mwana wa Nassor, alinionesha kiti kilichokuwa kitupu.

"Ami, kaa hapa, tafadhali."

"Mimi ni wa nyumba hii," nikamwambia. "Nitakaa na wenye msiba."

Nikakaa chini, ubavuni pake. Kushuka si kazi. Mwili hushuka wenyewe.

Kisha akaingia Khalfan, kaka yake Nassor, aliyetoka Nizwa. Ukumbi mzima ukasimama. Nikaweka kiganja juu ya zulia, nikasukuma, nikasukuma tena. Sikuinuka. Khalfan alipofika kwangu ilimbidi ainame, naye ni mkubwa kwangu kwa umri na anatembea kwa bakora.

"Kaa, kipa, kaa," akasema. "Ulizoea kutuangukia miguuni. Leo umebakia huko huko?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matangani. Nami nikacheka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kumlilia ndugu yake, na bado alitafuta neno la kunisitiri.

Hilo ndilo lililonivunja.

Wakati wa kuondoka, vijana wawili walinishika makwapani wakaninyanyua. Mara ya mwisho kunyanyuliwa hivyo tulikuwa tumeifunga timu ya Sur, na moja katika mabega niliyokalia lilikuwa la Nassor.

Katika mchezo wetu mchezaji hutoka, akakaa benchi, akapumua, kisha akarudi, na hutoka tena na kurudi tena apendavyo mwalimu. Nilipokuwa nikitafuta viatu vyangu niliitazama ile safu ya viti. Sijapata kumwona mzee aliyeondoka pale akarudi kukaa zuliani.

Baada ya magharibi Suleiman amenipigia simu. "Ami, kesho ndiyo siku ya mwisho. Kiti chako nimeshakiweka."

Sikubisha. Ninajiuliza Nassor angesema nini. Nadhani angenicheka kwanza, kisha angenisogezea kiti kwa mkono wake.

Kesho nitakwenda mapema, kabla watu hawajafika, ili asiwepo wa kuniona nikikikalia.