Mkia wa Kitambaa

Tarehe 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, na mgongo wa Mama umepata nafuu. Mimi ni mzima, ingawa ofisi hii ya uchunguzi wa ajali imejaa watu wanaodhani kupiga muhuri ndiko kufikiri.

Nimepewa kazi ya ile ndege ndogo ya karakana yenu, iliyotua ziwani kwa dharura ikazama. Mkuu aliniuliza kama si vibaya, kwa kuwa wewe ndiwe fundi uliyeikagua asubuhi ile. Nilimjibu kwamba ukweli hauna ukoo. Akanikabidhi jalada papo hapo.

Rubani yumo rumande. Anaapa kwamba injini ilizimika ilhali tangi lina mafuta tele. Uongo wa mchana kweupe! Alisahau kujaza, na muuguzi aliyeketi nyuma akazama nayo. Tarehe 16 winchi itaivuta kutoka kina cha mita thelathini. Tangi tupu litamfunga.

Mwanao,
Profesa (jina ulilonipa kwa kejeli, nami nalitumia kwa fahari)

Tarehe 9 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mama yako anasema ule, maana hoja hazishibishi.

Nakuomba kazi hii umwachie mwingine. Si kwamba nakudharau. Tangu una miaka sita ukibishana na redio, nilijua hutashindwa na mtu.

Unawakumbuka nyigu wa karakanani, wanaojenga udongo penye kila tundu? Ndege inapolala, mimi huliziba bomba la kupumulia la tangi kwa kitambaa, nikiacha mkia wa shibiri moja uning'inie ili rubani auone, kitolewe kabla ya kuruka. Ulikuwa ukinicheka: "Baba, ndege imeota mkia!" Vitambaa vyangu vilikuwa vinne. Tangu ajali nimevihesabu mara nyingi mno.

Winchi ikimaliza, niandikie mimi kabla ya mtu mwingine.

Baba yako

Tarehe 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo siulizi hali.

Tangi lilikuwa limejaa. Tulipuliza bomba la kupumulia, hewa haikupita. Na tangi lisilopumua halitoi mafuta, hata likijaa pomoni. Wenzangu walisema ni tope la ziwani, wakaenda kula. Nilibaki na koleo. Nikavuta kitambaa cha buluu, mkia wake umekunjwa ndani. Ni kola ya shati langu la shule, Baba. Namba kumi na tisa aliyoishona Mama kwa uzi mwekundu bado inasomeka.

Hakuna aliyeona. Kimo ndani ya bahasha, bahasha imo katika mtoto wa meza yangu. Ripoti natakiwa kuitia sahihi tarehe 24, saa tatu asubuhi. Mke wa rubani huja kila siku, huuliza swali moja tu: "Mmeliona tangi?"

Nimesoma vitabu vingi, na sasa natafuta kimoja kinachoniruhusu. Niambie kwamba duniani kuna kola nyingine kama hiyo.

Mwanao

Tarehe 23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hakuna nyingine.

Mvua ilinyesha, nikaukunjia mkia ndani usinyonye maji. Asubuhi niliitwa kwenye ndege nyingine. Hii iliyozama nikaitilia sahihi kwa mazoea, kitambaa kikiwa bado bombani. Rubani aliizunguka kama ipasavyo, hakuona kitu, kwa sababu nilikuwa nimemfichia. Ukiificha bahasha hiyo, nawe utakuwa umeukunja mkia ndani.

Ufunguo wa sanduku la zana nimempa Mama yako. Hakuniuliza kwa nini; aliniandalia sweta ya baridi ya rumande.

Barua hii namwachia mlinzi wenu. Kesho kabla ya saa tatu nitakuwa kwenye benchi la nje ya mlango wa ofisi yako. Ukitoka na ripoti yako, usiniamkie. Mchunguzi hamwamkii anayechunguzwa. Nikiisikia shikamoo yako, nitajua hukuuandika ukweli, nami nitaingia kwa Mkuu kuyasema mwenyewe, tuaibike wawili.

Lakini ukinipita kimya, mwanangu, nitaitikia moyoni.

Baba yako