Majani Yaliyokatwa Bila Mizizi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamepokelewa na OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) Ruphin, Kalemie, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi.
Jina: Adrienne Kyungu. Umri: miaka 52. Kazi: kulima na kuuza mboga. Makao: kartye Kataki.

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Munamufunga bure Mama Evodie, muuza mboga mwenzangu, na hasira niliyo nayo, Papa OPJ, iandike pia.

Mnamo tarehe 10 Machi, siku ya Mungu, saa kumi za mchana, nilikuwa namwagilia bustani yangu kando ya mto Lukuga. Ya Mama Evodie iko pembeni, lakini yeye alikuwa kanisani. Nikaona Gauthier, jirani yetu anayetengeneza redio, anakata majani nyuma ya rundo la takataka.

Nikamuita: "Papa Gauthier, hiyo si lengalenga, si muchicha wa kula!"

Akanionyesha telefone. Alikuwa amepiga picha jani moja tu, na telefone ikamujibu eti ni lengalenga ya pori. Nikamuambia apindue jani, anuse, linanuka vibaya. Aangalie ua jeupe lililo refu kama tarumbeta, na tunda la miiba. Akacheka. "Mama, wewe hata kusoma hujui."

Kweli, sijui kusoma. Akaenda na majani yake.

Saa moja jioni, baada ya kula majani hayo, muke wake Annie na mutoto wao Laurette wakaanza kuweweseka. Mutoto alikuwa anakamata wadudu hewani, na hakuna hata mududu mumoja. Mpaka leo wako hospitali. Kesho yake Gauthier akawaambia polisi kwamba mboga alinunua kwa Mama Evodie, na kwamba huyo mama aliwatilia sumu. Uongo mutupu! Haki ya Mungu, niliona aibu kwa ajili yake.

Sisi wamama wa Lukuga hatukati lengalenga. Tunaing'oa, tunaiosha, tunaifunga na kamba ya mugomba pamoja na mizizi, muteja aone ule wekundu wake. Tunafanya hivyo kwa sababu ya hayo hayo majani mabaya. Jana niliingia jikoni kwa Annie. Kwenye takataka hakuna muzizi hata mumoja. Kuna vijiti vilivyokatwa na kisu, na tunda bichi la miiba. Nimevileta kwenye mufuko huu.

Polisi wako hawakuuliza mizizi. Walimukokota mama wa miaka 64, pekupeku, watu wakimuita muchawi.

Sasa nimeweka majani mawili kwenye meza yako, nikakuuliza lipi njo lengalenga. Umenyoosha kidole. Andika ulionyesha lipi.

Haya njo niliyoyaona kwa macho yangu, na nitayasema tena mbele ya Gauthier. Sijui kuandika, natia kidole.

(Alama ya kidole: Adrienne Kyungu)

Nyongeza ya OPJ: Shahidi amesomewa maelezo yake, hakubadilisha neno. Mufuko umepokelewa. Kuhusu majani mawili, nilionyesha la kushoto. Shahidi alilipindua akanipa ninuse. Nilikosea. Mama Evodie ametolewa kasho ya polisi saa sita. Gauthier aitwe leo.