Zimwi Lililobaki Mlangoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Pongwe hatujambo, ila babu yako bado anakohoa. Unauliza kama umnyang'anye mdogo wako Salimu kile kitabu cha mazimwi yanayokula watoto. Swali hilo limenikosesha raha.

Nilipokuwa mdogo, shangazi alinisimulia hadithi ya zimwi. Lilipofika mlangoni mwa banda alimojificha msichana, baba akamkatiza: "Basi, unamtisha mtoto."

Siku nyingi niliogopa kila mlango, hata wa chooni. Mwishowe nikamwuliza shangazi, "Lilimla?"

"Hapana. Alitokea dirishani, akakimbilia kwa mama yake."

Ndipo nikapata usingizi.

Sijui kitabu cha Salimu kinaishaje, na moyo haujatulia. Kaa naye msome pamoja, mpaka ukurasa wa mwisho.

Bibi yako anayekuombea