Pua ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kwa daktari. Kifua tena! Kaniuliza nafanya kazi gani. Udobi, na baba yangu — mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya hospitali. Mnang'arishia nini? Klorini. Akaweka kalamu chini. Anasema mvuke wake unakwangua mapafu kidogo kidogo, na nikiendelea kuuvuta, hata ngazi zitanishinda. Kuna unga wa oksijeni wa kung'arishia, anasema. Huo na maji ya moto, sabuni, jua — nguo zinatakata vilevile. Sasa nani atamwambia Baba? Mimi, nani mwingine.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia. Lo! Kacheka mpaka machozi. "Nimezeekea humu ndani, mbona sisikii harufu yoyote? Kifua chako kinadeka tu, mama." Ananiita mama akitaka ninyamaze. Tena eti meneja wa nyumba ya wageni asiposikia klorini kwenye shuka, ataona halijafuliwa. Na utabishanaje na Mzee Pua? Mtaa mzima unamjua: ananusa kola ya shati, anakwambia jana ulikula samaki, na ulikula kwa nani! Nimejifunga kitambaa usoni nikaendelea na kazi. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Maharage yameungua. Mama aliyabandika akaenda kwa jirani, na maneno ya jirani hayana mwisho. Mimi nilikuwa uani naanika — harufu ikanifikia hukohuko! Nikakimbilia jikoni. Baba kakaa karibu na jiko, anashona kifungo, anaimba. Hujasikia, Baba? Akashtuka. Akasema ana mafua.
Mafua gani? Pua kavu!

Jumamosi, 8 Machi
Leo nimemvizia. Mteja kaleta shati, akamtania kama kawaida: haya Mzee Pua, jana nilikula nini? Baba akanusa, akafumba macho. "Samaki!" Mteja akacheka, akaenda zake. Nikalichukua lile shati. Lilikuwa linanuka mafuta ya taa, kola mpaka pindo.
Kumbe anabahatisha. Tangu lini? Maskini baba yangu.

Jumatano, 12 Machi
Koti la hospitali lilikuwa na doa la kutu. Baba akachukua ile asidi ya kutolea kutu, akaimimina kwenye beseni alilodhani lina maji matupu. Lilikuwa na klorini, na hivyo viwili vikikutana vinatoa mvuke wa sumu! Mwenye pua angejua kabla hajainama. Mimi nilikuwa mlangoni tu — macho yakaniwaka, koo likafunga. Na yeye yuko palepale juu ya beseni, anakohoa, anapangusa macho, hajui kimemsibu nini! Nikamkamata mkanda wa suruali, nikamkokota hadi uani kama gunia.
Daktari anasema mapafu yamesalimika. Pua, hapana — huenda ni ule mvuke wa miaka yote, na huenda isirudi. Nilisubiri Baba anigombeze kwa kumkokota mbele ya majirani. Wapi! Tulipofika nyumbani ndipo akauliza: "Ule unga wako unauzwa wapi?"
Nimelia bafuni, maji nimefungulia.

Jumanne, 18 Machi
Mashuka ya kwanza ya unga mpya yako kwenye kamba. Meupe, haki ya Mungu, meupe! Meneja kaja mapema. Nimejichimbia humu ndani naandika, maana nikisimama pale nitatoa maneno ya kufukuza wateja. Namwona dirishani. Kashika shuka. Ananusa. Ananusa tena. Uso kaukunja.
Anasema halinuki chochote, mbona kama halijafuliwa? Kisha anacheka: ngoja, mwenye pua yake si yupo! Mzee Pua, hebu nusa, wewe ukisema ni safi, basi ni safi.
Baba kalipokea. Kazika uso humo, kakaa hivyo muda mrefu. Sasa anakuja dirishani, anaburuta pindo la shuka, ananiletea. Ananong'ona, meneja asisikie.
"Linanukiaje, mama?"
Leo haniiti mama ili ninyamaze.