Gari Linagoma Kukinyesha

Jumatatu, 3 Februari

Nimeondoa mawe, nimekunja turubai, nimefuta kioo, nimepiga stata. Linazunguka, linakohoa, halishiki. Si mara ya kwanza tangu mvua zianze. Saa nne jua lilipopiga boneti likawaka kama vile halijafanya kitu. Gari hamnazo.

Lilikuwa la marehemu mume wangu. Enzi zake lilikuwa na adabu. Hata mimi kiangazi sina ugomvi nalo. Likisikia unyevu tu, basi.

Nisingejali. Ni Salome. Mwanangu wa pekee, mimba imekomaa, amekuja kujifungulia kwangu kwa sababu mumewe yuko machimboni Geita. Mtoto wake wa kwanza tulimzika. Salome alipasuliwa wakati ule, kovu lipo. Daktari wa mjini amekataza kabisa asifike kwenye uchungu, kovu linaweza kupasuka. Tarehe 14 anafanyiwa upasuaji, tarehe 13 awe amelazwa. Na kutoka hapa Hombolo hadi Dodoma, mvua ikinyesha, usafiri ni wa kubahatisha. Bodaboda na tumbo lile, hapana. Ni gari hili au hakuna.

Jumatano, 5 Februari

Jua kali. Nimelipeleka kwa fundi Kikoti, gereji iliyo njia ya mjini. Na gari lilivyo nafiki, limekwenda laini mpaka mlangoni kwake. Fundi akasikiliza, hakusikia kitu.

Kikoti ni Mhehe, mimi Mgogo. Watani. Hatujawahi kusalimiana bila matusi. Akaniuliza gari hili nimeliomba kwa nani. Nikamwambia aweke pombe yake ya ulanzi chini ndipo ashike spana. Gereji nzima ikacheka. Akamwaga petroli, akasafisha plagi, na katika mzaha huohuo akasema Wagogo mnafunika magari kama maiti, hili linatoka jasho, livue turubai, na kofia ya distribyuta ina ufa, nikubadilishie. Ndicho kile kikopo kinachogawa moto kwenye plagi. Nikamjibu Mhehe aliyelewa huona nyufa hata kwenye yai. Akacheka, nikacheka, nikaondoka.

Nimerudi moyo mwepesi. Mtani ni dawa.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua usiku kucha. Nilikuwa nimejipanga tangu jioni. Nimeongeza turubai la pili, lile la kuanikia uwele, nimetandika magunia juu ya injini, nimebana pembeni kwa mawe hata panya asipite.

Asubuhi limekuwa baya kuliko siku zote. Liliwaka, linamisi, moto unakatikakatika, linatetemeka, likazima kabla halijatoka uani. Nikalipiga teke. Mguu unauma.

Salome alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akarudi ndani. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 8 Februari

Leo kila mtu fundi. Jirani anasema betri. Mchungaji anasema pampu. Mkwe kwenye simu anasema petroli ya chupa. Betri tumeazima, wapi. Nimemjibu mchungaji vibaya, Mungu anisamehe, lakini na yeye arudi kwenye Biblia.

Mwalimu wa chuo, ambaye gari lake nilikuwa nimeanza kulitumainia, amekwenda msibani Mpwapwa. Hajui atarudi lini. Zabibu zinaiva, nyingine zinapasuka kwa mvua, sijaenda hata kuzitazama.

Tumeamua tusisubiri tarehe. Jumatatu tunahamia mjini kwa wifi yangu. Kesho haiwezekani, ana sherehe ya kipaimara, nyumba imejaa wageni hadi jikoni.

Mawingu yamerudi. Nimelifunika tena vizuri.

Naogopa. Wacha niandike hivyohivyo. Naogopa.

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka kanisani ibada haijaisha. Nilikuta jua limelichoma gari, nikalivua maturubai yale, nikapiga stata. Likawaka laini. Nikalitukana hadharani.

Salome alikuwa kwenye kigoda, anamaliza kumsuka mteja, kichupa cha kupulizia maji mkononi. Akasema, "Mama, kama linaogopa maji, lipe maji uone linafia wapi."

Nimezaa mtu mwenye akili. Nikachukua kichupa, nikapulizia gari likinguruma. Plagi, halijali. Nyaya za plagi, halijali. Koili, halijali. Nikapulizia kofia ya distribyuta. Likakohoa mara mbili, likafa.

Nikaifungua. Ufa mwembamba, mweusi, kama njia ya sisimizi. Ukishika unyevu, moto unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Nikayageuza maturubai niliyoyaacha chini. Upande wa ndani maji yanachuruzika. Magunia nimeyakamua kama nguo za kufua. Na mvua haikuingia hata tone, mimi mwenyewe nilibana. Ni unyevu wa ardhi uliopanda ukakosa pa kutokea. Kila usiku nimekuwa nikilifukiza gari langu mwenyewe.

Kikoti aliniambia vyote viwili. Nikadhani ni utani. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Nikampigia, Salome yuko pembeni anasikia. Hakucheka. Hakuniita Mgogo wala mtani. Akasema, "Mama, siku ile nilikuwa nasema kweli. Nilidhani umesikia." Tangu nimjue hajawahi kuniita mama. Hilo ndilo lililonitisha.

Kofia mpya ataileta mwenyewe kesho asubuhi. Gari limekauka jua likizama, na mawingu yameshajaa. Kutoka giza lile na kofia yenye ufa sikuthubutu. Leo silifuniki. Mikono inaniwasha kwenda kulifunika.

Jumatatu, 10 Februari

Benchi la hospitali. Mwandiko mbovu, sijali.

Uchungu ulianza kabla ya kupambazuka. Mvua inanyesha. Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikaambiwa limempeleka mwingine, nisubiri. Nisubiri nini? Nikaichomoa kofia ile mbovu, nikaikausha juu ya jiko la mkaa, nikaifuta kwa khanga, nikairudisha ingali na joto. Likawaka. Usiku mzima limenyeshewa bila shuka, likawaka.

Dimbwi la kwanza tukapita. La pili likarusha maji juu, likazima. Nikatoka, nikafungua boneti, nikakausha kwa sketi, mvua mgongoni. Likawaka. Mbele kidogo likazima tena. Nikakausha tena, sketi nayo sasa imeloa, nikavua kilemba nikatumia hicho. Salome kiti cha nyuma hakulia. Aliniita mara moja tu, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani.

Lilipozima mara nyingine nikaona pikipiki inakuja kwenye matope. Kikoti, kofia mpya ndani ya koti. Akaifunga palepale barabarani, hakunitazama. Kutoka hapo halikuzima. Lilikwenda laini hadi mlango wa hospitali, na mimi nalia kwa hasira kwa jinsi lilivyokwenda laini.

Wamemwingiza ndani. Hakuna anayeniambia kitu.

Jumanne, 11 Februari

Kovu lilikuwa limeanza kupasuka. Mtoto yuko hai, wa kike. Salome yuko hai. Kizazi wamekitoa, damu ilikuwa haikatiki.

Nimeambiwa mimi kwanza kwa sababu yeye bado amelala. Mkwe amepanda basi. Sikuweza kumwambia kwenye simu, nimemwambia tu mke na mtoto wazima, akapiga vigelegele kama mwanamke. Nimekata simu.

Kikoti alikuja na uji wa mke wake kwenye chupa. Tumekaa. Hakuna aliyemtania mwenzake.

Alhamisi, 13 Februari

Mvua imekatika. Wodi ina jua. Salome ameketi leo, amekunywa uji, mtoto amenyonya vizuri. Daktari alimweleza jana kuhusu kizazi. Alilia akiwa na mumewe, mimi nikakaa nje.

Leo mumewe ametoka kununua nepi. Tumebaki sisi. Salome akaniuliza, pole pole, hana hata hasira, "Mama, kama ungekubali wabadilishe kofia Jumatano ile, tungewahi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mvua. Barabara. Mapenzi ya Mungu. Yote yalikuwa mdomoni.

Nikasema, "Ndiyo."

Akageukia dirishani. Nilidhani ataniambia nitoke, na ningetoka. Kisha akanisogezea mtoto. Akasema mkono umechoka, nimshike yeye apate usingizi kidogo.

Wamelala wote wawili. Naandika kwa mkono mmoja.